Waliokuja Kupima Ukuta

Benchi letu hapa mtaani Kotebe limeungwa kwa vyuma vilivyobaki kwenye mageti ya watu. Mulualem, fundi wa kuchomelea, ndiye aliyeliunga, akaliweka chini ya turubai la Emebet muuza kahawa, na tangu siku hiyo tunalikalia kila asubuhi kama watu walioajiriwa. Mwezi huu wa Hamle mvua haina likizo, tope limefika vifundoni, kwa hiyo hata wenye kazi zao wamepata kisingizio. Kuna Gashe Admasu (Gashe ni heshima kwa mwanamume mtu mzima, kama Etiye kwa mwanamke), mzee wetu, tunayemwita Hakimu kwa sababu alikuwa karani mahakamani miaka thelathini na anaamini kwamba yeye ndiye aliyekuwa akihukumu. Kuna Bizuneh, huyo ni Redio, hazimiki. Kuna Sisay, dalali wa nyumba, tunayemwita Funguo, maana mfukoni mwake zinalia funguo za nyumba zisizo zake. Mimi ni fundi saa, kibanda changu kiko hapo nyuma, na sina jina la utani kwa sababu majina nayatoa mimi. Mbele yetu, hatua kumi tu, kuna geti la kijani la Etiye Yeshimebet, mjane mwenye nyumba kubwa na chumba kimoja cha kupangisha pembeni mwa geti. Ndimo anamokaa Mulualem na mkewe Zebider, na mkataba wao umebakiza siku kumi.

Jumamosi ile Emebet alikuwa ndiyo kwanza amemimina abol, kikombe cha kwanza. Mulualem akatoka getini kichwa wazi kwenye manyunyu, akaja akakaa bila kumsalimia mtu. Kwetu huku, mtu akikaa bila kuuliza wenzake wameamkaje, ujue kuna jambo.

EMEBET: Salamu umeziacha ndani?

MULUALEM: Ndani hakuna hata pa kuweka salamu. Kuna watu saba.

EMEBET: Saba? Wa nani tena?

MULUALEM: Muulize huyo mwenye funguo.

Funguo akaanza kupuliza kahawa yake kwa bidii kubwa.

FUNGUO: Mimi kazi yangu inaishia getini, ndugu yangu. Wateja nimewakabidhi kwa Etiye Yeshimebet. Mkataba unakwisha, nyumba lazima ionekane. Au unataka apangishe kwa kusimulia?

MULUALEM: Sijakataa ionekane. Aseme mapema, abishe hodi, aingie. Wiki mbili sasa anasukuma mlango tu! Mke wangu ni mzazi, Sisay. Mtoto hajafika hata siku arobaini, na ni wa kike, ubatizo mpaka siku ya themanini. Mtu hamfahamu hata jina anaingia, anamkuta ananyonyesha, anapanda na viatu vya tope mpaka ubavuni mwa kitanda, anaupima ukuta kwa mikono. Jumanne mmoja kaniuliza, “Kitanda hiki kinabaki?”

EMEBET: Na mkeo kalala juu yake?

MULUALEM: Kalala juu yake.

EMEBET: Mungu amlaani.

FUNGUO: Swali la kibiashara tu hilo.

EMEBET: Nyamaza wewe, kabla sijakumiminia hiki kikombe mahali usipopatarajia.

Hakimu akakohoa. Akikohoa hivyo ujue mahakama imeanza kukaa.

HAKIMU: Sheria iko wazi. Mpangaji ana haki ya utulivu mpaka siku ya mwisho. Kifungu kipo.

REDIO: Kifungu gani, Gashe?

HAKIMU: Kipo. Namba ndiyo imenitoka.

REDIO: Mwaka jana ugomvi wa mfereji pia ilikutoka.

HAKIMU: Ni kifungu hicho hicho.

Nilimuuliza Mulualem kwa nini asisimame mlangoni awafukuze. Mwanamume mzima, mikono kama nguzo, anafunga mageti ya mtaa mzima, halafu mlango wake unasukumwa na kila mwenye mwavuli! Sikumficha kwamba naona aibu kwa niaba yake.

MULUALEM: Nimfukuze nani, na mama mkwe anawakaribisha?

Hapo ndipo tulipolielewa jambo lote. Mama Tangut, mama yake Zebider, ametoka Debre Tabor kuja kumuuguza binti yake. Siku ya kwanza Etiye Yeshimebet aliposukuma mlango na watu sita nyuma yake, yule mama alitazama akaona nini? Akaona wageni wa mzazi. Akapiga vigelegele, akabandika sufuria, akasonga genfo, ule ugali wa shayiri wenye shimo la siagi na pilipili katikati. Mgeni wa mzazi hatoki bila kuuonja, hata angekuwa adui. Na wale watu, badala ya kusema ukweli, wakatoa pongezi ya mzazi, “Mariamu amekunusuru,” wakakaa, wakala. Halafu wakapima ukuta.

MULUALEM: Mama anafurahi mpaka anatokwa na machozi. Kila usiku ananiambia, “Mwanangu, sikujua kama binti yangu anapendwa hivi mjini.” Mlitaka nimwambie nini?

EMEBET: Na hajashangaa kwamba hawabishi hodi? Kule kwao mtu anaita tangu kwenye boma!

MULUALEM: Alishangaa. Akamuuliza Etiye Yeshimebet. Unajua kamjibu nini? “Mama, huku mjini kubisha hodi ni dharau. Ni kama kusema hatupendani. Wanaopendana huingia tu.”

Emebet akatema mate kwenye tope. Mimi nilicheka, nakiri, lakini ni kicheko cha kuchukia. Kumdanganya mama wa watu aliyekuja na shayiri yake mgongoni! Na shayiri yenyewe inaliwa na watu ambao hawajamletea mzazi hata kipande cha sabuni.

Emebet akaongeza maji kwenye jebena, birika lake la udongo, kwa ajili ya tona, kikombe cha pili. Kahawa ya pili ni nyepesi kuliko ya kwanza, na hapa kwetu maneno nayo huanza kuwa mepesi hapo hapo.

REDIO: Mimi ninachojiuliza ni kitu kimoja. Watu wengi hivi kwa chumba kile? Kinavuja, choo ni cha kushirikiana, umeme unakatika ukiwasha pasi. Kuna siri.

HAKIMU: Siri ni kwamba Yeshimebet anataka kuwachosha waondoke kabla ya siku. Vita vya mishipa ya fahamu. Nilivishuhudia sana mahakamani.

REDIO: Si kweli, Gashe. Ile nyumba kubwa ilijengwa na nani? Mtaliano. Mtaliano aliposhindwa vita akakimbia, alibeba nini? Hakubeba kitu! Dhahabu iko wapi? Iko chini ya chumba cha Mulualem. Wale hawapimi ukuta, wanasikiliza sakafu!

FUNGUO: Redio, nyumba ile ilijengwa na marehemu mume wake, na mimi nilibeba mawe.

REDIO: Juu ya msingi wa nani?

FUNGUO: Juu ya shamba la nafaka ya teff!

REDIO: Basi ndiyo alipozika. Nani atachimba kwenye teff?

MULUALEM: Sikilizeni. Mimi nimewahesabu. Jumamosi iliyopita, kumi na mmoja. Jumapili, tisa. Jumatatu, wanane. Jumanne, kumi. Alhamisi, mke wangu ndiye aliyehesabu, kumi na wawili. Jumatano, hakuna. Ijumaa, hakuna. Na wiki ya kabla yake vile vile.

Emebet akazihesabu siku kwa vidole.

EMEBET: Jumatano na Ijumaa tunafunga.

HAKIMU: Naam.

EMEBET: Siagi hailiwi.

HAKIMU: Naam.

EMEBET: Na Mfungo wa Mitume, nao hauna siagi, umeisha lini? Wiki mbili zilizopita! Na hao watazamaji wameanza kumiminika lini?

MULUALEM: Wiki mbili zilizopita.

Jamani! Nimeona wezi wa saa, nimeona wezi wa viatu kanisani, lakini mtu anayejifanya anatafuta nyumba ili ale ugali wa mzazi, huyo sikuwahi kumsikia. Tumekuwa watu wa namna gani? Mtu anaoga, anavaa, anachukua mwavuli, anasimama mbele ya kichanga anasema “Mariamu amekunusuru,” na jicho lake liko kwenye sufuria.

REDIO: Ni aibu tupu. Tena siagi yenyewe anaweka kidogo, pilipili ndiyo imezidi.

Emebet aliiweka jebena chini taratibu.

EMEBET: Umejuaje?

REDIO: Nini?

EMEBET: Pilipili.

REDIO: Watu wanasema.

MULUALEM: Bizuneh. Alhamisi nilikuwa kazini. Uliingia kwangu?

REDIO: Nilipita tu. Nilisema nitazame kama sakafu ina sauti ya dhahabu. Mama akaning'ang'ania mkono, ningemkataaje mama wa watu? Na mtoto anafanana na wewe, hongera sana.

MULUALEM: Hukuwahi kuja kunipa hongera kwa miguu yako, umekuja kwa mdomo wako.

REDIO: Nisamehe, ndugu yangu. Njaa ilikuwepo, nia mbaya haikuwepo.

Geti la kijani likafunguka, wakatoka wale saba wakiruka madimbwi. Wa mbele alikuwa akifuta siagi kwenye masharubu. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kuitazama nyumba. Mmoja akasimama kwetu.

— Kesho pia anapokea?

— Anapokea nani? Emebet akamuuliza.

— Yule mama.

— Toka hapa kabla sijakupiga na jebena!

Nyuma yao akatokea Etiye Yeshimebet mwenyewe, amejitanda netela, mtandio wa pamba, mweupe pe, kama mtu anayetoka ibadani. Mulualem akasimama. Kwa adabu, maana ni mtu mzima.

MULUALEM: Etiye, nakuomba kwa mara ya mwisho. Siku kumi tu. Chumba kingine nimeshapata, naondoka bila ugomvi. Ila ukija na watu, bisha hodi. Zebider aruhusiwe hata kujifunika.

YESHIMEBET: Nibishe hodi kwenye ukuta wangu mwenyewe?

MULUALEM: Ukuta ni wako, Etiye. Aliyelala nyuma yake si wako.

YESHIMEBET: Mlango hauna haya, mwanangu. Mkeo naye mbona kanyamaza? Mama yake anafurahi, ninyi wanaume wa benchini ndio mnaumia.

Akarudi ndani. Tuliobaki tukawa mashujaa ghafla, kama kawaida yetu mtu akishaondoka.

HAKIMU: Suluhisho ni barua. Nakala tatu. Moja kwake, moja kwako, moja tunaizika.

FUNGUO: Inazikwa ya nini?

HAKIMU: Ushahidi.

REDIO: Barua haisaidii. Azimeni lile hema la chama cha mazishi, mlisimamishe getini. Nani anapangisha nyumba ya msiba?

EMEBET: Kwenye msiba si ndiyo watakuja kula kabisa! Wewe wa kwanza.

REDIO: Basi nyuki. Mizinga miwili mlangoni. Mimi ninaye mjomba Sululta.

HAKIMU: Nyuki hawana mkataba, lakini pia hawawezi kushtakiwa. Hilo nalikubali.

FUNGUO: Wewe Mulualem si fundi? Unganisha umeme kwenye komeo. Akisukuma, anajifunza.

MULUALEM: Na mama mkwe akifungua? Na mke wangu?

FUNGUO: Nao watajifunza.

Ndivyo tulivyo. Mtu ana mke kitandani, kisu kipo chini ya mto kama ilivyo kwa kila mzazi, ili mabaya yasimkaribie, na mabaya yenyewe yanaingia kwa zamu yakiwa na miavuli. Sisi tunampa nyuki. Mulualem akainama akakwangua tope kwenye kiatu, nami nikageuza uso.

Mvua ikakatika. Emebet akamimina baraka, kikombe cha tatu, ambacho ukikikimbia unasemwa umekimbia neema. Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja wa miaka kama thelathini, viatu mkononi, miguu imejaa tope. Akatusalimia vizuri, mmoja mmoja, akauliza tumeamkaje, watoto je, afya je. Emebet akampa kigoda na kikombe bila kumuuliza jina. Akajitambulisha mwenyewe: Fantaye, mshonaji, anaishi na mdogo wake wa kike ng'ambo ya mto.

FANTAYE: Nimeambiwa kuna chumba geti la kijani. Kabla sijaingia nilitaka kuuliza majirani, maana mwenye nyumba atajisifu tu. Huyo mama, akitaka kuingia kwako, hubisha hodi?

Funguo akafungua mdomo. Emebet akamtazama, jebena mkononi, naye akaufunga.

Kila mtu alimgeukia Mulualem. Ilikuwa rahisi sana. Angesema “ndiyo” tu, yule dada angekitwaa chumba siku hiyo hiyo, safari za kupima ukuta zingekwisha, Zebider angemaliza siku zake kumi kwa amani. Neno moja. Redio alikuwa anampungia kichwa chini chini, sema, sema. Nakiri kwamba na mimi nilitaka alitamke.

Mulualem akageuka akalitazama geti la kijani.

FANTAYE: Nauliza kwa sababu tunapokaa sasa, baba mwenye nyumba huingia tukiwa tunaoga. Anasema anakagua paa. Tumeamua kuhama kwa ajili hiyo tu, chumba chenyewe ni kizuri.

Hakimu akakohoa, lakini safari hii mahakama haikukaa.

FANTAYE: Basi kama huyu habishi, si neno. Nitajieni mmoja tu anayebisha, hapa mtaani. Nyumba yoyote. Niende huko.

Nilimtazama Hakimu. Hakimu ana vyumba viwili uani kwake, na kifungu chake, na kila asubuhi anamtembelea mpangaji wake kuhesabu balbu. Funguo ana mfuko unaolia. Redio hana nyumba, lakini tulishajua anavyoingia za watu. Wote wakawa wanachungulia ndani ya vikombe, na vikombe vilikuwa vitupu.

Na mimi? Mimi mtoa majina? Nina chumba kimoja nyuma, anakaa mwanafunzi wa uuguzi, Hirut. Jumanne niliingia kutazama kama dari linavuja. Alikuwa anachana nywele, mabega wazi. Akavuta shuka haraka, akasema, “Karibu, Gashe,” na sauti yake haikuwa ya kukaribisha. Nilitazama dari. Lilikuwa kavu. Nilijua ni kavu tangu nje. Sikukumbuka kabisa jambo hilo mpaka pale Fantaye alipouliza, na nilipolikumbuka nilisikia uso unachoma.

Mulualem akanyanyuka.

MULUALEM: Dada, habishi. Sikudanganyi. Lakini ukitaka kukiona, njoo ukione kwa utaratibu.

FANTAYE: Utaratibu gani?

MULUALEM: Wa kwangu mimi.

Akavuka njia, Fantaye nyuma yake na viatu mkononi. Tukawafuata wote, Emebet kaacha moto, Hakimu kaacha hadhi, tukasimama getini. Mulualem akafika kwenye mlango wake, ule alioutengeneza kwa mikono yake, akajipangusa tope kwenye jiwe. Akabisha. Taratibu, mara tatu.

Ndani palikuwa na sauti za wanawake wawili wakizungumza. Zikakatika.

Akabisha tena.

— Nani? Ilikuwa sauti ya Zebider, nyembamba, ya mtu aliyeshtuka.

Kabla hajajibu, tukasikia kile kisu kikichomolewa chini ya mto, na miguu ya mama mzee ikija mbio mpaka mlangoni, na komeo ambalo halijawahi kufungwa mchana likifungwa kwa nguvu.

— Usifungue, binti yangu, akasema Mama Tangut. Hodi mara tatu! Huyo hatutakii mema. Watu wetu huingia tu.

— Mama, akasema Mulualem. Ni mimi. Mume wake.

Mtoto akaanza kulia.

— Mulualem? Wewe mwenyewe? akauliza yule mama, na sauti ilikuwa imevunjika kwa uchungu. Basi tumekukosea nini, mwanangu, hata unatubishia hodi?